Kwa Masista wa Benedikto, Kutoka Njombe Hadi Ndanda

Msichana wa Kikatoliki akitangaza nyumbani kwamba anataka usista, mjadala huanza siku hiyo hiyo, na aghalabu huanza pabaya. Bibi anauliza vitukuu vyake vitatoka wapi. Baba anakumbuka ada aliyolipa tangu chekechea. Katekista anafurahi kupita kiasi, anataka tangazo lisomwe kanisani Jumapili ijayo. Na binti mwenyewe, ukimbana, atakutajia sista mmoja aliyemfundisha hisabati, au kwaya aliyoisikia kwenye misa ya jubilei. Nyumba yenyewe hajawahi kulala hata usiku mmoja. Hajui wanaamka saa ngapi, wanaishi kwa shilingi ya nani, wala bikizee wao asiyejiweza anageuzwa kitandani na nani.

Mpwa wangu, binti wa kaka, alikuwa ametoka kumaliza stashahada ya uuguzi alipoleta habari hiyo. Kaka akanipigia simu. "Dada, nenda naye. Wewe una macho." Nilimwelewa: alitumaini binti atarudi ameishiwa hamu. Mimi ni Mkatoliki wa kawaida, wa Jumapili na wa misiba, na sikuwa na hoja ya kumkataza wala ya kumsukuma. Nilichokuwa nacho ni nauli na likizo.

Aliwataka Wabenediktini, akasema hataki kuanza na wengine. Alipokuwa mafunzoni alifanya mazoezi kusini, katika hospitali ya misheni, na huko aliwasikia masista wakiimba zaburi kabla ya zamu ya asubuhi. Kwa Mtanzania, kuwatafuta Wabenediktini ni kwenda kusini tu. Pwani ya Bagamoyo ilikuwa ya mapadre wa Roho Mtakatifu tangu 1868, magharibi ikawa ya Mapadre Weupe, na kuanzia 1888 Wabenediktini kutoka Bavaria wakafika Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam, kisha wakashuka taratibu hadi Ruvuma, Lindi na Mtwara. Ukichora mstari kutoka Njombe kwenda Songea, ukaupinda mashariki hadi Masasi, umepita karibu nyumba zao zote kubwa za kike nchini. Ndiyo njia tuliyoishika.

Kitu kimoja nilikuwa sikijui kabla ya kuondoka, na ndicho kilichoibadilisha safari. Hakuna shirika moja la Masista Wabenediktini. Kuna kitabu kimoja, Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa Italia katika karne ya sita, yenye sura 73, nyingine fupi kuliko tangazo la mnada. Kuna nyumba nyingi zinazoifuata, na kila jumuiya ina mkubwa wake, shamba lake, madeni yake na desturi zake. Mbenediktini haweki zile nadhiri za ufukara, useja na utii kwa maneno tuliyozoea kuyasikia. Anaahidi utii, anaahidi kugeuza mwenendo wake siku zote, na anaahidi udumifu, yaani kukaa na jumuiya hii hii, watu hawa hawa, mpaka azikwe nao. Useja na kutomiliki chochote vimo ndani ya ahadi hiyo ya pili. Kwa hiyo swali la mpwa wangu, "Shangazi, niwe Mbenediktini?", lilikuwa limekosa nusu. Mbenediktini wa wapi?

Basi la alfajiri lilitutoa Mbezi, likatupandisha Kitonga mchana, na jua lilipozama tulikuwa Makambako tumejikunyata. Njombe mwezi Juni haina huruma na mtu wa Dar. Kesho yake, katikati ya mashamba ya viazi, parachichi na misitu ya misindano, tulifika Imiliwaha, kwa masista wa Mtakatifu Gertrudi. Pua ya mpwa wangu ilikuwa nyekundu. Sista wa mapokezi alitutazama, akaita "Tumsifu Yesu Kristo", na kabla hatujamaliza "milele, amina" alikwisha shika mabegi. Kanuni ina sura nzima juu ya wageni, inataka wapokewe kama Kristo mwenyewe, na nyingine juu ya bawabu, ambaye yapasa awe mtu mzima mwenye akili, asiyependa kuzurura. Huyu wetu alitimiza yote mawili, na zaidi ya hayo alikuwa na chai ya maziwa.

Kengele ya kwanza ilitukuta usingizini. Kanisani hapakuwa na moto wala hita, palikuwa na pande mbili za masista wanaotazamana, na zaburi ikipelekwa upande huu, ikirudishwa upande ule, kwa Kiswahili, bila haraka. Benedikto alitaka zaburi zote 150 ziishe kila juma. Siku hizi nyumba nyingi huzigawanya katika muda mrefu zaidi, kwa kuwa kuna wagonjwa wa kutibu na watoto wa kufundisha. Hata hivyo, ukihesabu sala za siku nzima, kuanzia Masifu ya Asubuhi hadi sala ya kufunga siku, utaona kwamba muda mwingi wa maisha ya sista ni huu: kusimama, kukaa, kuinama, kusoma maneno yale yale aliyoyasoma mwaka juzi. Anayetafuta msisimko wa mkutano wa uamsho atachoka kabla ya Pasaka ya kwanza. Nilimwambia hivyo mpwa wangu. Akanijibu kwamba zamu ya usiku wodini nayo ni kupima joto lile lile kila baada ya saa nne, na wagonjwa hawaponi kwa msisimko. Nikanyamaza.

Jambo lililonichekesha Njombe ni foleni. Katika nyumba ya Benedikto, nafasi ya mtu hufuata siku aliyoingia. Umri hauhesabiwi. Aliyefika asubuhi ni mkubwa wa aliyefika mchana, hata kama wa mchana ana mvi. Miongoni mwa walioanza malezi alikuwapo mwalimu aliyeacha kazi akiwa mtu mzima, na mbele yake, kila wakienda kanisani, alitembea msichana ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wake. Nchi hii tumelelewa kuhesabu miaka kabla hatujasalimiana. Nilimuuliza mwalimu anaionaje hiyo. Alisema shikamoo anapewa vilevile, ila sabuni anagawiwa wa pili.

Kutoka Njombe, barabara inateremka Lukumburu kwa kona zinazomfanya abiria akumbuke sala zake, kisha inapita Madaba hadi Songea. Songea ina Makumbusho ya Maji Maji, na humo ndani kuna kaburi la pamoja la mashujaa walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906. Mwandishi wa habari za masista anaweza kulipita. Sikulipita, na nilimpeleka mpwa wangu makusudi, kwa sababu utawa wa kusini umeota katika udongo huo huo. Miezi sita kabla ya kitanzi cha Songea, tarehe 14 Agosti 1905, Askofu Cassian Spiss aliuawa na wapiganaji wa Maji Maji huko Mikukuyumbu, Liwale, akiwa njiani kuelekea Peramiho, pamoja na mabruda wawili na masista wawili, Felicitas Hiltner na Cordula Ebert. Na miaka 16 kabla ya hapo, Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri, misheni ya Pugu ilivamiwa na Sista Martha Wansing akauawa. Masista hawa walikuwa wameletwa na meli za dola lililokuwa likitwaa ardhi za watu. Walikuja kuuguza na kufundisha, na walikufa kama sehemu ya wavamizi. Yote mawili ni kweli. Binti anayetaka kuvaa vazi lao anapaswa kuyajua yote mawili kabla hajapimwa kanzu.

Peramiho iko kilomita 24 hivi kutoka Songea mjini, na kosta inakufikisha kabla hujamaliza karanga. Misheni ilianzishwa 1898, ikachomwa moto katika vita, ikajengwa upya, na sasa ni mji: abasia ya wamonaki, hospitali ya Mtakatifu Yosefu, chuo cha uuguzi, karakana, na kanisa la matofali linaloonekana kutoka mbali. Masista wa hapa ni Wamisionari Wabenediktini wa Tutzing. Asili yao ni 1885, pale Padre Andreas Amrhein alipokusanya wanawake wa kwanza huko Bavaria kwa ajili ya misheni za Afrika. Jina la Tutzing ni la mji ulio kando ya ziwa walikohamishia makao makuu mwaka 1904. Leo wana nyumba Ufilipino, Brazil, Korea, Namibia, Angola na kwingineko, na ukiingia kwao ujue unaweza kutumwa mbali na lugha yako.

Nilimuuliza sista mmoja Mtanzania swali ambalo msomaji wa kusini huenda analo: ikiwa Wajerumani walikuwa na masista wao hapa tangu mwanzo, kwa nini kila upande pakaanzishwa tena mashirika ya masista Waafrika? Hakukwepa. Alisema zamani hizo kuishi meza moja hakukufikiriwa, na mabibi zetu walipotaka utawa walianzishiwa nyumba zao. Ndivyo ilivyokuwa makoloni mengi, si hapa tu. Waliokataliwa kiti mezani wakapewa shamba, na leo mashamba hayo ndiyo yenye wanovisi, yaani masista walio malezini, wengi kuliko nyumba za Ulaya zilizoyaanzisha. Wa Tutzing nao sasa wanapokea mabinti wa hapa, na wanaoongoza sala Peramiho ni Waafrika. Sikuona haja ya kuongeza neno.

Makaburi ya Peramiho yako kwa mistari, misalaba inayofanana. Mpwa wangu alitembea humo muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Kisha Chipole. Nakiri upendeleo: hapa ndipo nilipoacha kuwa msindikizaji. Chipole ni jumuiya ya Mtakatifu Agnes, iliyoanza 1938 chini ya Askofu Gallus Steiger wa Peramiho, na ilianzishwa kwa ajili ya wasichana wa Kiafrika. Barabara ya kwenda huko ni vumbi jekundu kiangazi na utelezi masika. Unafika ukidhani umefika mwisho wa dunia, halafu unaona shule, zahanati, ng'ombe, mashine ya kusaga, kituo cha watoto yatima, na nyaya za umeme zinazotoka badala ya kuingia.

Umeme huo ni habari inayostahili kuelezwa vizuri. Katika Mto Ruvuma, mahali paitwapo Tulila, masista hawa wana mtambo wa megawati 5 unaoendeshwa na maji. Ulianza kazi 2015. Wakati huo Songea haikuwa kwenye gridi ya taifa, ilikuwa inategemea majenereta ya dizeli, na gridi haikufika mpaka 2018. Kwa hiyo palikuwa na miaka ambayo mkazi wa Songea akiwasha pasi kunyoosha shati, sehemu ya umeme wake ilikuwa imezalishwa na watawa na kuuzwa kwa TANESCO. Benedikto aliandika kwamba mtawa wa kweli ni yule anayeishi kwa kazi ya mikono yake mwenyewe. Sidhani aliwaza turbini, lakini sidhani pia angeshangaa. Nyumba isiyo na mapato yake hubaki mlangoni pa askofu na mlangoni pa mfadhili wa Ulaya, mkono mbele, na msichana anayechagua nyumba ana haki kamili ya kuuliza inaishi kwa nini. Ni swali la kiroho kuliko linavyosikika. Jumuiya yenye njaa hugombana.

Chipole hukai bila kupewa kazi. Mpwa wangu alipelekwa jikoni, mimi nikapewa maharage ya kuchambua pamoja na masista wawili wazee, ambao walizungumza Kingoni wakidhani sisikii, na kwa kweli nilikuwa nasikia nusu. Walikuwa wananijadili. Mmoja alidhani mimi ndiye mwenye wito, na kwamba nimechelewa.

Chakula cha mchana kililiwa kimya, huku mmoja akisoma kwa sauti, kama Kanuni inavyoagiza. Ugali, maharage, mboga za majani, dagaa wa Nyasa. Hakuna aliyeomba chumvi kwa mdomo. Unatazama mwenzako anahitaji nini, unamsogezea. Inaonekana jambo dogo mpaka ujaribu, kwa sababu kumbe tunaomba vitu kwa sababu hakuna anayetutazama.

Sasa nije kwenye hatua zenyewe, maana wazazi wengi hudhani binti akibebwa na gari la masista ndiyo basi. Kwanza kuna uaspiranti, kukaa karibu na kutazamana, muda wake hutofautiana nyumba na nyumba. Kisha upostulanti. Kisha unovisi, ambao sheria ya Kanisa inataka usipungue miezi 12 na mtu asiupokee kabla hajatimiza miaka 17. Hapo anavishwa, anapewa kitabu cha Kanuni, anaanza kuisoma sura kwa sura na mlezi. Nadhiri za kwanza ni za muda, miaka mitatu hadi sita kwa kawaida, na zinaweza kurefushwa hadi jumla ya miaka tisa. Nadhiri za daima huja baadaye, kamwe si kabla ya miaka 21. Jumlisha: aliyeingia baada ya kidato cha sita atakuwa karibu na thelathini kabla hajafungwa moja kwa moja. Kwa muda wote huo mlango uko wazi pande zote mbili. Yeye anaweza kuondoka, nao wanaweza kumwambia aende.

Sura ya 58 ya Kanuni ni ya hayo, nami ningependa kila mzazi aisome. Benedikto anaanza kwa kuagiza kwamba anayebisha hodi asifunguliwe upesi. Aachwe mlangoni siku nne, siku tano, aonekane kama atavumilia. Akiingia, asomewe Kanuni nzima baada ya miezi miwili, tena baada ya miezi sita, tena baada ya minne, na kila mara aambiwe waziwazi kwamba yu huru kwenda zake. Siku ya nadhiri anaandika ahadi yake kwa mkono, anaiweka juu ya altare. Halafu linafuata jambo lililonishangaza: nguo alizokuja nazo hazitupwi. Zinawekwa stoo, zitunzwe, ili siku akiondoka asiondoke uchi. Karne ya sita, mtu anaandika sheria ya kukaa milele, na ndani yake anatenga kabati la nguo za watakaoshindwa. Sura ya 29 inaenda mbali zaidi, inaruhusu aliyetoka kupokewa tena, hadi mara tatu, mradi akubali kuanzia nyuma ya mstari.

Katika mojawapo ya nyumba tulizopita, sitasema ipi, mlezi alimwita mpwa wangu chini ya mwembe. Niliruhusiwa kukaa. Nilitarajia maswali juu ya sala. La kwanza lilikuwa: "Ukikosana na mwenzako bwenini, hukaa siku ngapi bila kumsalimia?" Mpwa wangu akacheka, akaona sista hacheki, akasema wiki. Mara moja mwezi. La pili: "Nyumbani nani anasubiri mshahara wako?" Hilo lilimgusa. Ana wadogo wawili, na kaka yangu alishapanga, bila kumwambia, kwamba kazi ya dada mtu itamsomesha wa katikati. Mbenediktini hamiliki hata kalamu, achilia mbali kutuma pesa kwa simu kila mwisho wa mwezi. Sista hakumlaumu baba wala binti. Alisema tu kwamba wasichana wengi hawatoki kwa sababu ya wanaume, kama mitaani mnavyodhani, wanatoka kwa sababu ya meseji za ada zinazoingia usiku.

La tatu lilihusu afya, la nne kama amewahi kumpenda mtu. Alijibu yote. Nilitoka hapo nikimheshimu mlezi yule kuliko waajiri wote walionisaili maishani.

Kuna upande sikuupenda, na niuseme. Zipo nyumba za watawa nchini, za mashirika mbalimbali, zinazochukua watoto waliomaliza darasa la saba, kuwasomesha sekondari wakiwa waaspiranti. Wapo waliotokea kuwa masista wazuri sana kwa njia hiyo. Wapo pia waliokwenda kwa sababu ndiyo shule pekee ambayo wazazi waliimudu, na wakabaki kwa sababu walishindwa kusema asante na kwaheri kwa pumzi moja. Deni la ada ni kamba. Sheria ikisema 17 kwa unovisi, haikusema kwamba kumi na tatu ni umri wa kuanza kumwonyesha mtoto njia moja tu. Ningekuwa askofu ningetenganisha kabisa bweni la shule na nyumba ya wito. Si askofu.

Kutoka Songea tulikwenda mashariki kwa Tunduru na Masasi, lami mpya safarini kote, watu wachache, na joto likipanda kila tunapoteremka. Ndanda iko chini ya mteremko wa uwanda wa Makonde, ina chemchemi, mikorosho na hospitali ya Mtakatifu Benedikto. Katika miaka ya 1920 alifika hapa sista daktari wa Tutzing, Thekla Stinnesbeck, na jina lake linahusishwa hadi leo na matibabu ya ukoma katika eneo hilo. Jirani na Ndanda ni Ndolo, makao ya masista Waafrika wa Mama Yetu Msaada wa Wakristo. Nilikuwa nimechoka na sikumbuki mengi ya Ndolo isipokuwa chumba cha wagonjwa cha masista wazee. Ni safi, kina dirisha linalotazama njia ya kwenda kanisani, na siku ile novisi mmoja alikuwa anamkata kucha bikizee aliyekwisha kusahau majina ya wote, ila zaburi hakuzisahau.

Nilimwambia mpwa wangu akitaka kupima nyumba yoyote aanzie hapo. Kanisa hupambwa wageni wanapokuja. Chumba cha wazee hakidanganyi. Wakiwa wameoshwa, wakiwa wanacheka, wakiwa wanatembelewa na vijana bila kulazimishwa, udumifu ni kweli katika nyumba hiyo. Wakiwa wananuka mkojo, hata kwaya iwe tamu namna gani, panda basi.

Tulirudi kwa njia ya Lindi. Kaka alikuwa stendi, akanitazama mimi kwanza. Nilimwambia hajakata tamaa, na hajaamua. Mlezi wa chini ya mwembe alimpa jibu linalofanana na la Benedikto mlangoni: nenda kafanye kazi mwaka mzima, chukua leseni yako ya uuguzi, msaidie mdogo wako mpaka amalize, jifunze kupatana na mtu kabla ya jua kuchwa, halafu niandikie. Kwa sasa yuko wodini katika hospitali moja ya wilaya. Baba yake amefurahi, akidhani ameshinda. Binti anaandika barua, kwa mkono, kwa nyumba moja, na ameniomba nisiitaje.

Kwa binti mwingine mwenye swali kama lake: anza na paroko wako, maana bila barua yake hutapokelewa, na tafuta vyeti vya ubatizo na kipaimara mapema. Iandikie nyumba yenyewe, uliza siku zao za kuwakaribisha wasichana. Nyingi hupangwa wakati wa likizo za shule. Nenda zaidi ya nyumba moja. Uliza wanaishi kwa kazi gani, wanovisi ni wangapi na wangapi wameondoka, na omba kuwaona wazee. Nyumba inayochukizwa na maswali hayo imekwisha kukujibu.

Na ninyi wazazi, mwacheni aende akaone. Akibaki, msimtumie meseji za ada. Akirudi baada ya mwaka mmoja au minane, msimwite aliyeshindwa, wala msimfiche jumuiya ndogo ndogo isije ikamuuliza. Mwekeeni nguo zake kabatini tangu siku anayoondoka.